Mfumo wa Mtoano katika Futiboli ya Kimarekani: Ubingwa wa Kanda au Wingi wa Ushindi?

Msomaji wa kurasa za michezo katika magazeti ya Kiswahili hukutana mara kwa mara na maneno mawili yanayotumiwa kana kwamba ni visawe, nayo ni mchujo na mtoano. Ukweli ni kwamba maneno haya hayalingani. Mchujo unatokana na kitenzi kuchuja, kitendo cha kutenga tui na chicha kwa kifumbu. Ni kazi ya polepole, na kinachotafutwa ni kile kinachopita. Mtoano, kwa upande wake, umejengwa juu ya kitenzi kutoana: wawili hukabiliana, mmoja akamtoa mwenzake, na aliyetolewa harudi. Ligi ya taifa ya futiboli ya Marekani, ijulikanayo kwa herufi za NFL, ina hatua zote mbili. Huchuja timu 32 kwa muda wa miezi minne, kisha huwaingiza waliosalia katika mtoano wa majuma machache ambao hauna mechi ya marudiano. Makala haya yananuia kufafanua jinsi hatua ya kwanza inavyokabidhi timu kwa hatua ya pili. Aidha, yanajadili swali la haki ambalo wenye ligi hiyo wenyewe hawajakubaliana juu yake: je, anayestahili heshima zaidi ni yule aliyewashinda majirani zake, au ni yule aliyeshinda mechi nyingi zaidi?

Jina la mchezo wenyewe linahitaji tahadhari. Kuuita kandanda ni kumpotosha msomaji, kwa kuwa mpira wake una umbo la yai na muda mwingi hubebwa au kurushwa kwa mkono. Ndiyo maana hapa umeitwa futiboli ya Kimarekani. Kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani, na mechi huchukua dakika 60 zilizogawanywa katika robo 4. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine 4, ikishindwa humpisha mpinzani. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani huleta alama 6, na mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya milingoti huleta alama 3. Mpenzi wa raga hatakosa kuona ujamaa baina ya michezo hii miwili. Mwaka 2013 timu ya Indianapolis Colts ilimsajili Mkenya Daniel Adongo aliyetoka moja kwa moja katika raga.

Timu 32 za NFL zimegawanywa katika makundi makuu mawili yenye timu 16 kila moja, yaani AFC na NFC. Kiingereza huyaita kwa neno ambalo likitafsiriwa sisisi litatoa kongamano, na msomaji wa jarida kama hili atawaza mara moja juu ya wahadhiri na makala zao ukumbini. Neno kambi linafaa zaidi. Kila kambi ina kanda nne, Mashariki, Kaskazini, Kusini na Magharibi, na kila kanda ina timu nne. Majina haya ya pande za dunia yasichukuliwe kwa uzito sana. Dallas Cowboys, wa jimbo la Texas, wamo katika kanda ya Mashariki ya NFC kwa sababu uhasama wao wa jadi na timu za New York, Philadelphia na Washington una thamani kuliko ramani.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Katika ligi ya soka yenye timu 18 au 20, kila timu hukutana na kila nyingine nyumbani na ugenini, na jedwali la mwisho wa msimu huwa ni kipimo kimoja kwa wote. Futiboli ya Kimarekani haiwezi kufanya hivyo. Mchezo huu huumiza mwili kiasi kwamba timu hucheza takriban mara moja kwa juma, na tangu mwaka 2021 msimu wa kawaida una mechi 17 kwa kila timu, zinazochezwa katika majuma 18. Kwa hivyo timu moja hukutana na wapinzani 14 tu kati ya 31. Mechi 6 huwa dhidi ya majirani watatu wa kanda yake, kila mmoja mara mbili. Nyingine 4 ni dhidi ya kanda moja nzima ya kambi yake, na 4 zaidi dhidi ya kanda moja nzima ya kambi ya pili. Kanda hizi hubadilishwa kwa zamu kila mwaka. Mechi 3 zinazobaki huikutanisha timu na wale waliomaliza msimu uliotangulia katika nafasi sawa na yake kwenye kanda nyingine, ili bingwa wa jana akutane na mabingwa na mkia ukutane na mikia.

Matokeo ya utaratibu huu ni kwamba timu mbili zinaweza kumaliza msimu kwa idadi sawa ya ushindi ilhali zilipita njia tofauti kabisa. Walio katika kanda moja ndio pekee ambao ratiba zao zinakaribiana vya kutosha kulinganishwa, kwa kuwa wanatofautiana kwa mechi 3 tu mbali na zile wanazochezeana wenyewe kwa wenyewe. Hoja hii ndiyo nguzo ya wale wanaotetea ubingwa wa kanda, na haifai kupuuzwa.

Historia nayo ina mchango wake. Ligi hii ilianzishwa mwaka 1920, na kwa miaka kumi na miwili bingwa alikuwa ni yule aliyemaliza akiwa na rekodi bora, bila fainali yoyote. Mwaka 1932 Chicago Bears na Portsmouth Spartans walimaliza wakiwa bega kwa bega. Ikaamuliwa wacheze mechi moja zaidi, na kwa sababu ya theluji na baridi kali ya Chicago mechi hiyo ikachezewa ndani ya ukumbi, kwenye kiwanja kilichofupishwa. Bears walishinda kwa alama 9 bila jibu. Mashabiki waliipenda mechi hiyo ya bahati nasibu, na mwaka uliofuata ligi ikagawanywa mara mbili ili kila mwaka uwe na fainali. Ni vyema kuzingatia mpangilio wa matukio haya: mgawanyo ulikuja ili fainali ipatikane.

Mnamo mwaka 1960 ligi pinzani iliyoitwa AFL ilianza kucheza, na mwaka 1966 pande hizo mbili zikakubaliana kuungana. Mabingwa wao walikutana kwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1967 mjini Los Angeles, Green Bay Packers wakawashinda Kansas City Chiefs 35-10. Mechi hiyo ndiyo mzizi wa Super Bowl ya leo. Muungano ulipokamilika mwaka 1970, timu 8 ziliruhusiwa kuingia katika mtoano. Idadi hiyo ikapanda hadi 10 mwaka 1978, 12 mwaka 1990 na 14 mwaka 2020. Hakuna haja ya kujifanya kwamba fedha za televisheni hazikuhusika. Kila mechi ya mtoano inayoongezwa ni bidhaa mpya sokoni. Mpangilio wa kanda 8 zenye timu 4 kila moja ulianza mwaka 2002, ligi ilipofikisha timu 32.

Kwa mujibu wa kanuni za sasa, kila kambi hutoa timu 7. Nne za kwanza ni mabingwa wa kanda, nao huorodheshwa nambari ya 1 hadi ya 4 kulingana na rekodi zao. Tatu zinazobaki ni zile zenye rekodi bora miongoni mwa timu zote ambazo hazikushinda kanda, nazo hupewa nambari ya 5 hadi ya 7. Kiingereza huziita kwa istilahi iliyotolewa kwenye mchezo wa karata, ya karata inayoweza kushika nafasi ya nyingine yoyote. Katika makala haya zitaitwa timu za nafasi ya ziada. Jambo la kukazia ni kwamba timu ya nafasi ya ziada haiwezi kamwe kupanda juu ya nambari ya 5, hata kama rekodi yake inamzidi bingwa wa kanda kwa mbali.

Je, timu zinapolingana? Vigezo vya kuzitenganisha ni vingi, na orodha yake huishia kwenye kurusha sarafu. Kwa majirani wa kanda moja, huangaliwa kwanza matokeo ya mechi zao wenyewe kwa wenyewe, kisha rekodi ndani ya kanda, kisha rekodi dhidi ya wapinzani waliokutana nao wote, kisha rekodi ndani ya kambi. Mpenzi wa soka aliyezoea kuhesabu tofauti ya mabao atashangaa kwamba tofauti ya alama imewekwa mbali sana chini ya orodha hiyo. Ligi haitaki kumtuza anayemwonea mnyonge.

Mtoano wenyewe una raundi nne. Katika raundi ya kwanza nambari ya 2 humwalika nambari ya 7, wa 3 humwalika wa 6, na wa 4 humwalika wa 5. Nambari ya 1 hachezi; hupewa juma la mapumziko. Hadi msimu wa 2019 mapumziko hayo yalikuwa ya timu mbili katika kila kambi, lakini timu zilipoongezwa mwaka 2020 yakabaki ya mmoja tu, na thamani ya kumaliza kileleni ikapanda maradufu. Baada ya miezi minne ya kugongana, juma moja la kupoza viungo ni tunu isiyo na kifani.

Katika raundi ya pili hakuna mchoro uliokwisha kuchorwa kama ule wa Kombe la Dunia. Timu hupangwa upya: nambari ya 1 hucheza na mwenye nambari ya chini zaidi kati ya waliosalia, na wawili wanaobaki hukutana. Mfano wa kambi ya NFC wa Januari 2025 unaonyesha jambo hili waziwazi. Nambari ya 1 walikuwa Detroit Lions. Katika raundi ya kwanza Philadelphia Eagles (2) waliwatoa Green Bay Packers (7), Washington Commanders (6) wakawatoa Tampa Bay Buccaneers (3), na Los Angeles Rams (4) wakawatoa Minnesota Vikings (5). Walipobaki nambari 1, 2, 4 na 6, Detroit walipewa Washington na Philadelphia wakapewa Rams. Aliyetangulia katika msimu wa kawaida hupewa, kwa nadharia angalau, njia nyepesi zaidi. Raundi ya tatu ni fainali ya kambi, na ya nne ni Super Bowl, ambayo uwanja wake huchaguliwa miaka kadhaa kabla. Mechi zote kwa jumla ni 13.

Isipokuwa Super Bowl, mechi zote huchezewa kwa mwenye nambari ya juu. Jambo hili laonekana la kawaida leo, lakini halikuwa hivyo tangu awali. Hadi mwaka 1975 uenyeji wa mechi za mtoano uligawanywa kwa zamu baina ya kanda. Katika msimu wa 1972 Miami Dolphins walishinda mechi zao zote 14 za msimu wa kawaida, na bado wakalazimika kusafiri hadi Pittsburgh kucheza fainali ya kambi dhidi ya timu iliyokuwa imeshindwa mara tatu. Walishinda 21-17, kisha wakashinda Super Bowl, na hadi leo hakuna timu nyingine ya NFL iliyomaliza msimu na mtoano wa enzi ya Super Bowl bila doa. Rekodi yao inazidi kung'aa ikikumbukwa kwamba kanuni haikuwasaidia kwa lolote.

Ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani huamua mshindi wa kila raundi kwa kutafuta atakayetangulia kushinda mechi 4. Futiboli haina anasa hiyo. Mwili wa mchezaji hauruhusu. Mechi ni moja, na jioni moja mbaya hufuta kazi ya miezi. Msimu wa 2007 New England Patriots walishinda mechi zote 16 za msimu wa kawaida na mbili za mtoano. Tarehe 3 Februari 2008 walikutana katika Super Bowl na New York Giants, timu ya nafasi ya ziada iliyokuwa imeshindwa mara 6 na ambayo ilikuwa imefika hapo kwa kushinda mechi tatu ugenini. Giants walishinda 17-14. Hakuna aliyedai kwamba Giants walikuwa timu bora ya mwaka huo, lakini pia hakuna aliyedai kwamba kombe si lao. Mchujo hupima ubora wa kudumu, ilhali mtoano hupima kitu kingine, na mwenye kutaka kuutazama mchezo huu sharti avumilie kuishi na vyote viwili.

Kwa kuwa mtoano hauna sare, mechi iliyolingana huendelea katika vipindi vya nyongeza hadi mshindi apatikane. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971 Miami na Kansas City walicheza dakika 82 na sekunde 40 kabla ya Miami kushinda 27-24. Kwa muda mrefu tatizo lilikuwa sarafu: aliyeshinda urushaji huo alianza na mpira, na akiufikisha katika eneo la mwisho mechi iliisha hapo hapo. Tarehe 23 Januari 2022 Buffalo Bills na Kansas City Chiefs walimaliza dakika 60 wakiwa 36-36. Kansas City walishinda sarafu, wakapata alama 6, na washambuliaji wa Buffalo wakaondoka uwanjani bila kuugusa mpira katika muda wa nyongeza. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Machi mwaka huo huo wenye timu walipiga kura kwamba katika mtoano kila upande upewe zamu yake. Kanuni hiyo ilitumika kwa mara ya kwanza katika Super Bowl ya tarehe 11 Februari 2024: San Francisco 49ers walianza, wakapata alama 3; Kansas City wakapata zamu yao, wakaufikisha mpira katika eneo la mwisho na kushinda 25-22.

Miezi miwili tu ilitosha kurekebisha dhuluma ya sarafu. Dhuluma ya kanda, ikiwa kweli ni dhuluma, imedumu kwa miaka mingi.

Msimu wa 2008 New England walishinda mechi 11 na kushindwa 5. Miami nao walikuwa na rekodi hiyo hiyo, vigezo vya kutenganisha vikawapa Miami ubingwa wa kanda, na New England wakakosa hata nafasi ya ziada. Mwaka huo huo San Diego Chargers walishinda mechi 8 na kushindwa 8, lakini kwa kuwa kanda yao ilikuwa dhaifu waliibuka mabingwa, wakawaalika Indianapolis walioshinda mechi 12, na wakawatoa. Miaka miwili baadaye Seattle Seahawks waliingia kama mabingwa wa kanda wakiwa wameshinda mechi 7 na kushindwa 9. Tarehe 8 Januari 2011 waliwakaribisha New Orleans Saints, waliokuwa wametwaa Super Bowl mwaka uliotangulia na walioshinda mechi 11 msimu huo. Seattle walishinda 41-36. Marshawn Lynch alikimbia yadi 67 akiwapangusa walinzi mmoja baada ya mwingine, na kishindo cha mashabiki kikanaswa na mitambo ya kupima mitetemeko ya ardhi. Baadhi ya watetezi wa mfumo huu hutaja mechi hiyo kama ushahidi kwamba Seattle walistahili. Hoja hiyo ina kasoro: kushinda nyumbani hakuthibitishi kwamba ulistahili kuwa nyumbani.

Kesi iliyo nzito zaidi ni ya msimu wa 2024. Detroit Lions na Minnesota Vikings, majirani katika kanda ya Kaskazini ya NFC, waliingia katika mechi yao ya mwisho tarehe 5 Januari 2025 kila mmoja akiwa ameshinda 14 na kushindwa 2. Mshindi angekuwa bingwa wa kanda, nambari ya 1 wa kambi, na mwenye juma la mapumziko. Aliyeshindwa angekuwa nambari ya 5. Hapakuwa na nafasi ya katikati. Detroit walishinda 31-9. Minnesota, wenye ushindi 14, idadi ambayo hakuna timu ya nafasi ya ziada iliyowahi kuifikia kabla yao, wakawa wageni wa Rams walioshinda 10 na kushindwa 7.

Ajabu ni kwamba waliowasilisha pendekezo la kubadilisha kanuni hiyo walikuwa Detroit, yaani wale iliowafaidi. Walipendekeza mwaka 2025 kwamba bingwa wa kanda aendelee kuhakikishiwa nafasi katika mtoano, lakini nambari na uenyeji vitolewe kwa kuangalia rekodi. Ili kanuni ipite, kura 24 kati ya 32 za wenye timu zinahitajika. Waliopinga walirejelea ile hoja ya ratiba zisizolingana, na walihofia kwamba ubingwa wa kanda ukivuliwa uenyeji utabaki kuwa jina tu, na mechi baina ya mahasimu wa jadi zitapoa. Mnamo Mei 2025 Detroit waliliondoa pendekezo lao kabla ya kura kupigwa.

Hoja ya ratiba ina mashiko pale tofauti ya rekodi inapokuwa mechi moja au mbili. Inapofika nne, kama ilivyokuwa baina ya Minnesota na Rams, ni vigumu kuona ratiba gani inayoweza kuziba pengo hilo. Pendekezo la Detroit lilikuwa la wastani. Halikumnyima bingwa yeyote wa kanda nafasi yake mezani, lilibadilisha kiti tu.

Kama pendekezo hilo lingekuwa kanuni mwezi Januari 2025, Minnesota wangecheza mechi yao ya kwanza ya mtoano katika uwanja wao mjini Minneapolis, na Rams ndio wangesafiri. Ilivyokuwa, mioto iliyokuwa ikiteketeza sehemu za Los Angeles iliwahamisha hata wenyeji wenyewe, na mechi ikapelekwa Glendale katika jimbo la Arizona. Rams walishinda 27-9 wakiwa mamia ya kilomita kutoka nyumbani. Siku tano baadaye Detroit, baada ya mapumziko yao ya juma zima na mbele ya mashabiki wao, walitolewa na Washington, nambari ya 6, kwa 45-31.